Koti la Mtani

Tulikuwa tumekwisha kusali, na vijana walikuwa wanajipanga kuinua jeneza la mdogo wangu Maganga, ndipo mwanamke tusiyemfahamu alipoingia uani akiwa na sanduku kichwani. Hakulishika. Alitembea shingo imenyooka kama walivyotembea wapagazi wa zamani, na nyuma yake alikuja dereva wa teksi akimbembeleza ampokee. Alifika mlangoni, akalishusha sanduku palepale kwenye kizingiti, akalikalia, kisha akatangaza kwamba maziko hayapo. Alisema hapiti mtu, kwa sababu huyu mpagazi mnayemlilia amekaa na koti la baba yake miaka yote na sasa anataka kutoroka nalo ardhini. Padre alinitazama. Wajukuu walikasirika, na mmoja wao, ambaye ni daktari wa watu, akamshika mkono ili amwondoe. Mimi nilikuwa juu ya mkeka tangu jana yake, sina machozi wala maneno, na ghafla nikasikia kicheko kinanipanda kutoka tumboni. Nilimjua kabla hajataja jina. Lilikuwa paji lile lile la uso, na namna ile ile ya kutukana bila kupepesa macho. Nikamwambia mjukuu wangu, "Mwache. Ana haki."

Wajukuu hawakuelewa, na siwalaumu. Utani kwao ni mzaha wa kwenye mpira. Sisi tulioishi Tabora wakati wa Mwingereza tulijua kwamba njia ile ya misafara, kutoka kwetu hadi pwani, ilikuwa imeshonwa kwa utani kama shuka inavyoshonwa kwa uzi. Mnyamwezi alipofika Uzaramo amechoka, mguu umevimba, hakuwa na ndugu kule. Alikuwa na mtani. Mtani alimtukana, akamnyang'anya kofia, akampa chakula, na kama alikufa, alimzika. Hayo ndiyo yaliyomfanya mdogo wangu awe mtu aliyekuwa, na yalitokea katika mwaka mmoja ambao nataka kuuandika hapa, maana waliouona karibu wote wameondoka.

Habari za wazazi wetu sitazirudia. Yatosha kujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwamba niliacha shule darasa la nne, na kwamba nilibaki na wadogo zangu wawili, Maganga na Monika. Tulikaa Isevya, nyumba ya vyumba viwili. Kimoja tulilala, kingine kilikuwa cha kazi yangu ya kufua na kupiga pasi nguo za watu wa reli na za nyumba ya wageni ya serikali iliyokuwa karibu na Boma. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta, jiko la mkaa, na harufu ya wanga wa muhogo ambayo hadi leo nikiisikia mahali naona kama nimefika nyumbani. Maganga alisomea kwenye meza ile tangu utoto wake. Mimi nilikuwa upande huu na pasi, yeye upande ule na kitabu, na kila pasi ilipomkaribia alisogeza kitabu bila kuinua macho. Aliposoma Kiingereza kwa sauti nilimwuliza hapo wamesema nini, naye alinieleza kwa Kinyamwezi, akinirekebishia mambo ili yanifurahishe. Hata mwaka ninaousema, ambapo alikuwa amerudi kutoka masomoni Kampala na ni mwalimu anayeamkiwa barabarani na wazee, bado alisahihisha madaftari ya wanafunzi wake kwenye ncha ya meza ile.

Mkuu wa shule yake ndiye aliyeleta habari za tuzo. Kulikuwa na taasisi ng'ambo ambayo kila mwaka iliwachagua watu wachache kutoka nchi mbalimbali, wanasayansi na wanazuoni, ikawapa nafasi ya kufanya utafiti wao katika chuo kikuu kikubwa, bila kuhangaika na jambo lingine lolote. Kutoka upande wetu wa dunia hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameipata. Maganga aliomba. Kwa muda mrefu alikuwa akienda kwa baiskeli Igalula, Sikonge, na vijiji vya ndani ya pori, kuwatafuta wazee waliobeba pembe na vitambaa katika ujana wao kabla ya reli. Aliandika nyimbo zao, majina ya makambi, na sheria za safari. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope, mara nyingine na kibuyu cha asali aliyopewa, na sisi tulikula asali huku yeye akituimbia wimbo wa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Mtaani neno tuzo liliwaletea watu shida. Jirani yetu Mama Kalunde, mama mnene mwenye sauti ya kengele, aliamini kwamba ni kikombe kama wanachoshindania watu wa mpira. Kila asubuhi aliniuliza kama kikombe cha mwalimu kimekaribia. Nilimweleza kwamba si kikombe, ni masomo. Akanijibu kwamba masomo anayo tayari, kwa nini apewe mengine wakati nyumba haina hata kabati la kioo la kuweka kikombe chenyewe. Maganga alicheka, lakini usiku ule ule wa mazungumzo kama hayo nilimwona halali vizuri. Na mimi nilijua kwamba hakuwa na mlango mwingine. Wazee wake wa safari walikuwa wanakufa, na pale shuleni angefundisha hesabu za mabomba ya maji hadi aote mvi.

Kamati ya tuzo ilikuja wakati wa kipupwe, ikisafiri kwa treni kuwahoji waombaji mji kwa mji. Walifikia nyumba ile ya wageni niliyokuwa nikiifulia. Mpishi wa pale, Mzee Songoro, mzee wa Kimanyema aliyekuwa mwoga wa kila kitu isipokuwa moto, ndiye aliyenipa habari zao. Alisema wapo Wazungu wawili, na mkubwa wao ni Profesa mrefu mwenye fimbo, amekaa Afrika miaka mingi na Kiswahili anakijua. Kisha akapunguza sauti. "Na yupo mwenzetu mmoja anakula nao meza moja, binti yangu. Mweusi kama mimi. Na kisu anajua kukishika." Huyo ndiye Bwana Kondo, Mzaramo, mwanachuoni, mtu mweusi wa kwanza kukaa kwenye kamati ile. Mchana Mzee Songoro aliniletea koti lake nilikung'ute vumbi la treni. Lilikuwa koti zito la sufu, jeusi, lililoshonwa kwenye nchi ya baridi.

Lakini nimetangulia, kwa sababu koti lilikuja baada ya mahojiano, na mahojiano yalikuwa asubuhi. Nilikuwa nimepeleka shuka, nikachelewa kwa makusudi pale nyuma, karibu na jiko, kwa sababu dirisha la chumba cha kulia lilikuwa wazi. Kwa muda mrefu nilisikia Kiingereza tu. Nilitambua sauti ya mdogo wangu, nikaisikia inavyozidi kutulia, nikaona mambo yanakwenda. Kisha sauti nyingine ikaingia, na hiyo ikasema Kiswahili.

"Mwalimu, ninyi Wanyamwezi mmekuja kwetu pwani miaka na miaka na mizigo ya watu vichwani. Hata siku moja hamkuuliza ndani mna nini. Leo ndiyo mmekumbuka kuuliza?"

Mimi nikasogea karibu na dirisha, kwa maana niliijua ile ni nini, na nilijua kwamba Maganga anaijua. Mnyamwezi akitukanwa na Mzaramo hivyo asijibu, anakuwa amemkana.

"Tuliuliza, Bwana," akasema Maganga. "Tukawakuta Wazaramo wamelala chini ya mnazi wanangoja nazi idondoke yenyewe."

"Na huko Ulaya nani atakubebea sanduku lako?"

"Wewe. Utalibeba kichwani, na mimi nitakuja nyuma mikono mitupu. Na siku ukifa nitakuzika kwa mkono wangu, nikuwekee nazi kifuani usije ukaamka na njaa."

Mzee Songoro alijiziba mdomo kwa aproni. Mimi niliuma shuka. Halafu tukasikia kiti kinasukumwa kwa nguvu. Profesa alikuwa amesimama. Kiswahili alikijua, kila neno alilisikia sawasawa, na alichosikia ni mwombaji kijana akimwambia mjumbe wa kamati, mbele yake, kwamba atamzika. Alisema kwa Kiingereza, maneno machache ya baridi. Maganga alijibu neno moja, kisha akatoka kwa mlango wa mbele. Nilichungulia dirishani. Bwana Kondo alikuwa ameinamia karatasi zake.

Nilimkuta Maganga nyumbani ameketi kwenye ncha yake ya meza, bila kitabu. Alinieleza kwamba Profesa amesema mtu asiyeweza kuutawala ulimi wake mbele ya wakubwa hafai kupelekwa popote, na kwamba taarifa zitafungwa jioni ile, kwa kuwa kesho yake wanaondoka na treni ya Mwanza. Nikauliza huyo Mzaramo alisema nini. Hakusema kitu, Maganga akajibu. Nikamtukana Bwana Kondo matusi ambayo hayakuwa ya utani. Maganga akanizuia. "Dada, mtu yule yuko peke yake kwenye ile meza. Ungekuwa wewe ungesema?"

Nilimwambia ningesema. Aliniangalia, akaamini.

Koti lilipoletwa nililisafisha kama nilivyosafisha kila kitu, kwa sababu kazi ni kazi. Nilipiga pasi mabega, nikanyoosha ukosi, nikalitundika msumarini. Kisha nikakaa mbele yake nikiwaza. Monika alipoanza kulikunja alipeleke, nilimwambia aende mikono mitupu akamwambie Mzee Songoro kwamba koti la Bwana Kondo limekamatwa na mtani wake, na halitoki. Monika alikuwa msichana wa maswali mengi lakini siku ile hakuuliza.

Haukupita muda Mzee Songoro akafika mwenyewe, anahema, kanzu ameishika mkononi ili akimbie vizuri. Alinisihi kwa jina la Mungu na la mama yangu. Alisema nitamfukuzisha kazi, na mimi nitalala Boma, na watu waliofungwa kwa nguo za wageni anawajua kwa majina. "Hilo ni koti la mtu mkubwa, binti." Nikamwambia mtu mkubwa ana miguu, aje. Maganga naye akaniomba. Aliona kwamba sasa ataitwa si mtovu wa adabu tu bali ndugu wa mwizi. Niliogopa, nisidanganye. Mikono yangu ilikuwa na baridi juu ya pasi ya moto. Lakini nilikuwa nimewalea wale watoto kwa kushika jambo moja na kutoliachia, na sikuona sababu ya kujifunza tabia nyingine siku ile.

Walikuja jua likiwa linateremka. Profesa alitangulia na fimbo yake, Bwana Kondo alifuata na shati tupu katika ubaridi ule, na Mzee Songoro nyuma kabisa kama mtu anayekwenda kushuhudia ajali. Mtaa mzima ulikuwa uani kwangu kabla yao. Nilikuwa na sufuria ya matobolwa jikoni, vile viazi vitamu vyetu vinavyochemshwa, vikaanikwa, kisha vikachemshwa tena vikiwa vikavu, na nilikuwa nimevitia karanga. Profesa aliniuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama mstari wa rula kama ni mimi niliyechukua koti la bwana huyu. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Mwulize yeye."

Wote wakamgeukia Bwana Kondo. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na nimeona watu wakiamua mambo makubwa, lakini sijaona uso wa mtu ukifanya kazi kama ule. Neno moja kutoka kwake lingenipeleka gerezani na yeye angerudi mezani akiwa msafi. Alitazama koti lililokuwa linaonekana kupitia mlangoni. Akamtazama Maganga aliyesimama kando yake. Kisha akavua viatu, akaja akaketi kwenye mkeka wangu, suruali yake safi na yote, na akasema kwa Kiswahili ingawa lugha ya Profesa aliijua vizuri, ili kila mtu pale asikie.

"Hapa hakuna wizi. Huyu ni mtani wangu, na yule mwalimu ni mtani wangu. Mimi ndiye niliyemchokoza asubuhi, na yeye akanijibu kama inavyompasa. Nilipaswa kukueleza palepale, Profesa. Nilinyamaza."

Profesa hakuketi. Aliuliza, "Na kukuzika?"

"Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nikifia mbali na kwetu, nani mwingine ataniahidi hivyo?"

Hapo nikapakua. Nikaweka sahani mbele ya Bwana Kondo nikamwambia ale, hapa hapana mnazi, ajizoeze kutafuna. Mama Kalunde alicheka kicheko kilichowafungulia wengine wote. Bwana Kondo alitafuna, akasema sasa anafahamu kwa nini Wanyamwezi hubeba mizigo mizito: wakishakula hivi hawasikii tena uzito wa kitu kingine. Profesa alitutazama, mmoja mmoja, kisha akaomba kigoda.

Walizungumza hadi jua lilipogusa mapaa. Kilikuwa Kiingereza, na mimi nilifuata kwa macho. Maganga alianza akiwa amesimama wima kama yuko mahakamani. Baadaye alichuchumaa, akachukua kijiti, akaichora njia ardhini, Tabora hapa, Ugogo hapa, Uzaramo kule mwisho karibu na miguu ya Mama Kalunde, na kila mahali aliposimamisha kijiti alieleza jambo na Bwana Kondo aliongeza lake. Nilimwona mdogo wangu akisahau kwamba anahojiwa. Nilikuwa nimemwona hivyo mara nyingi mezani kwangu, lakini sikuwahi kuwaona wakubwa wa dunia wakimwinamia kumsikiliza. Mwishowe Profesa akarudi kwenye Kiswahili, nadhani kwa heshima yangu, akamwuliza kwa nini haya hakuyaandika kwenye maombi yake. Aliandika nyimbo na makambi, lakini haya hapana.

"Sikujua kama haya nayo ni elimu," akasema Maganga. "Nilidhani ndivyo watu wanavyoishi."

Walipoaga nilileta koti. Profesa alikuwa anamshukuru Monika kwa chakula, na Maganga anamwokotea fimbo yake. Bwana Kondo hakunyoosha mkono. Alisema polepole, mimi pekee nisikie, "Liache. Ni la kuazima tu. Nitalifuata siku mwalimu atakayokufa. Huko aendako kuna baridi." Akatoka amejikumbatia mikono, shati lake likipepea, na mimi nikabaki nimeshika koti kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Sikumwambia Maganga. Kamati ilikuwa na miji mingine, na mtu mmoja mezani si meza nzima. Nilimwambia mtani amekataa kulikomboa. Wiki zikapita, na kila niliyemfulia alilikuta koti pale msumarini. Nililianika, nikalipiga brashi, nikalirudisha. Maganga aliniambia nilipeleke stesheni lisafirishwe, ni aibu. Nikamwambia halitoki. Nadhani alianza kuona kwamba dada yake amepatwa na jambo kichwani.

Majani ya miombo yalikuwa yanaanza kuwa mekundu mkuu wa shule alipokuja kwa baiskeli, bila kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Maganga alikuwa Sikonge kwa wazee wake. Kwa hiyo habari nilizipokea mimi, nikiwa na pasi mkononi, na nikaisahau juu ya shuka ya mtu hadi ikanuka. Mkuu wa shule alisema jina la mdogo wangu limo pamoja na majina ya watu wa sayansi kutoka nchi ambazo mimi sikuwahi kuzisikia. Mama Kalunde alipiga vigelegele vilivyosikika sokoni, kisha akaingia ndani anaangaza kila pembe. "Kikombe kiko wapi?" Nikamwonyesha koti.

Alisafiri kipindi cha joto kali na alilivaa hivyo hivyo. Wachukuzi wa stesheni walimcheka, jasho linamtiririka shingoni. Mmoja alikuja kumpokea sanduku. Maganga akamwambia asante, akalitia kichwani mwenyewe na kupanda behewa nalo, na wazee waliokuwa kwenye benchi wakasimama. Mengine yamo kwenye vitabu, na vitabu alivyoviandika vinasomwa na watu ambao hawajui Isevya iko wapi. Kila kimoja alikileta kwanza kwangu, akakiweka kwenye ncha ile ya meza. Bwana Kondo alipofariki, Maganga alikwenda Uzaramo akaingia kaburini na nazi yake, akakataa kutoka hadi walipomlisha. Watu huniuliza kama sikuona uchungu, wenzangu wamekwenda na mimi nimebaki na pasi. Siwajibu, kwa sababu hawaulizi vizuri. Mimi niliona wakubwa wawili wa dunia wameketi uani kwangu wakila chakula changu, na mdogo wangu akiwafundisha. Wangapi wameona hivyo?

Basi siku ile ya maziko nilisaidiwa kuinuka mkekani nikaingia chumbani. Koti lilikuwa msumarini. Bitana yake nimeibadilisha zaidi ya mara moja na ukosi umeliwa na nondo, lakini mikunjo yake ilikuwa imenyooka. Nilitoka nalo. Mwanamke yule, binti Kondo, alikuwa bado amekalia sanduku mlangoni, na aliponiona alinyoosha mikono yote miwili. Nikalirudisha nyuma.

"Halitoki," nikasema. "Baba yako aliambiwa atambebea mdogo wangu mzigo kichwani. Hakuubeba. Lipa wewe."

Alinitazama, akaelewa. Akavua viatu kama babake alivyovua, akafungua kanga yake, akaisokota ngata na kuiweka kichwani, kisha akajipenyeza katikati ya vijana na kutia kichwa chake chini ya ubao wa jeneza. Padre akasogea kando. Wakainua. Hatua ya kwanza tu nikamsikia akilalamika kwa sauti, uani kote, kwamba huyu mtu ni mzito, amekufa na vitabu vya watu tumboni. Mjukuu wangu daktari akacheka huku analia. Mimi nikafuata nyuma, koti mkononi, nisimpe mpaka amfikishe kaburini.